Habari za Ambroise Paré, Mpasuaji

Zamani za karne ya kumi na sita, katika nchi ya Ufaransa, watu walioshughulika na kuponya wagonjwa walikuwa wa namna tatu. Wa kwanza ni matabibu waliosoma katika chuo kikuu cha Paris. Hao walivaa majoho marefu, wakasema Kilatini, wakajua kwa moyo maneno ya waganga wa kale wa Kiyunani. Lakini kidonda hawakukigusa kwa mikono yao, maana kazi ya mikono waliiona kuwa kazi ya watu duni. Wa pili ni wapasuaji wa chama cha Saint-Côme, waliotamani sana kuhesabiwa pamoja na hao wa kwanza. Wa tatu ni vinyozi. Kinyozi alinyoa ndevu, akatoa damu, akaumika kwa chuku, akapasua majipu, akafunga majeraha. Mtu maskini alipoumia hakumwita tabibu, kwa kuwa hakuwa na fedha za kumlipa, alimwita kinyozi.

Katika vinyozi hao alitoka mtu ambaye jina lake lingali likitajwa kila mahali wafundishwapo wapasuaji. Jina lake Ambroise Paré. (Husomwa Pare, ila hana ujamaa na watu wa milima ya Upare.) Alizaliwa yapata mwaka 1510, karibu na mji wa Laval, upande wa magharibi wa Ufaransa. Wazazi wake hawakuwa na mali ya kumpeleka chuoni, wala hakupata kujifunza Kilatini. Alipokuwa kijana alitiwa kazini kwa kinyozi, akajifunza kushika wembe na kufunga vidonda. Kisha akaenda Paris, akapata nafasi katika Hôtel-Dieu, hospitali kubwa ya maskini.

Hospitali ya siku hizo haikuwa kama hospitali tuzijuazo sisi. Wagonjwa walilala watatu au wanne katika kitanda kimoja, mwenye homa pamoja na mwenye jeraha, na mara nyingine aliye hai pamoja na aliyekwisha kufa. Paré alikaa humo yapata miaka mitatu. Aliona magonjwa ya kila namna, akafungua maiti na kutazama jinsi mwili ulivyoundwa. Matabibu walisoma habari za mwili katika vitabu. Yeye aliusoma mwili wenyewe. Baadaye, katika uzee wake, alipoambiwa kwamba hakusoma, aliitaja miaka hiyo mitatu kuwa ndiyo chuo chake.

Mwaka 1537 mfalme wa Ufaransa, Francis wa Kwanza, alipeleka jeshi kuvuka milima ya Alpi mpaka nchi ya Italia, ili kuushika mji wa Turin na nchi za kandokando yake. Paré akafuatana na jeshi hilo, akiwa mpasuaji wa bwana wa Montejan, mkuu wa askari wa miguu. Hajapata kuona vita. Wala hajapata kuona jeraha la risasi likiwa bichi.

Sasa yatupasa tueleze jambo moja, au hatutafahamu yaliyompata huko. Bunduki zilikuwa bado ni silaha ngeni, na majeraha yake yaliwashangaza waganga. Jeraha la upanga lilikuwa na kingo safi; la risasi lilikuwa na nyama iliyopondwa, nyeusi, nalo lilioza upesi. Basi mpasuaji mmoja mashuhuri wa Italia, Giovanni da Vigo, aliyemtumikia Papa, aliandika kwamba baruti ni sumu, na kwamba sumu hiyo lazima iunguzwe kwa mafuta yachemkayo yakimiminwa ndani ya jeraha. Da Vigo alikuwa mtu mkubwa, na kitabu chake kilisomwa Ulaya nzima. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, askari aliyepigwa risasi aliteswa mara mbili: mara moja na adui yake, na mara ya pili na mganga wake. Sisi leo twajua kwamba baruti haitii sumu katika jeraha. Kinachoozesha ni vijidudu vinavyoingia pamoja na uchafu na vipande vya nguo ambavyo risasi huvisukuma ndani. Lakini siku zile hapakuwa na mtu aliyevijua vijidudu, na neno la kitabu lilitosha.

Paré naye alikisoma kitabu hicho, akasadiki. Hata hivyo alikuwa mwenye kuangalia. Kabla ya kuanza kazi alitaka kwanza kuona jinsi wapasuaji wengine wafanyavyo, akaona kwamba kweli wanamimina mafuta, nayo ya moto kabisa. Basi akajipa moyo akafanya kama wao. Askari walilia, akaendelea.

Waliojeruhiwa wakawa wengi, na jioni moja mafuta yakamwishia. Hapakuwa na mahali pa kupata mengine, na mbele yake walikuwako askari ambao majeraha yao hayajatiwa kitu. Hakuweza kuwaacha hivyo. Akachukua viini vya mayai, mafuta ya waridi na tapentaini, akavichanganya, akawapaka, akawafunga vitambaa. Ilikuwa dawa ya kupoza tu, wala hakuitumainia.

Usiku ule usingizi haukumjia. Aliona moyoni mwake wale watu wasiounguzwa wamekwisha kufa kwa sumu, na damu yao iko juu yake. Alfajiri mapema akaondoka, akaenda kuwatazama. Lo! Wale waliopakwa dawa ya mayai wamelala vizuri, maumivu yao ni machache, majeraha hayakuvimba wala kuwa mekundu. Akaenda kwa wale waliomiminiwa mafuta kama kitabu kilivyoamuru. Aliwakuta wana homa, wanaugua kwa maumivu makali, na majeraha yamevimba pande zote.

Mtu mwingine labda angalisema kwamba wale wamebahatika, kisha angaliagiza mafuta mengine. Paré hakusema hivyo, wala hakukimbilia kutangaza. Alijaribu tena na tena, kwa askari wengi, akalinganisha. Alipokwisha kuwa na hakika, aliazimu kwamba hatawaunguza tena watu waliopigwa risasi.

Katika vita ile ile alijifunza mambo mengine kwa njia hiyo hiyo ya kulinganisha. Mvulana mmoja wa jikoni alianguka katika mafuta ya moto. Paré alipokwenda kutafuta dawa za kupoza, mwanamke mmoja mzee wa shamba akamshauri aponde vitunguu vibichi pamoja na chumvi kidogo, akavibandike. Tabibu wa chuo angalimcheka. Paré hakucheka, wala hakusadiki vivi hivi. Akabandika vitunguu mahali pengine na dawa ya desturi mahali pengine, akaona kwamba penye vitunguu hapakufanya malengelenge, na penye dawa ya desturi palijaa. Baadaye askari mmoja Mjeremani aliunguzwa uso na baruti. Paré akampaka vitunguu nusu ya uso, na nusu nyingine akaipaka dawa ya kawaida, ili atazame tofauti. Hatusemi kwamba ninyi mbandike vitunguu penye moto. Siku hizi watu hushauriwa kumwagia maji safi ya baridi na kwenda hospitali. Tunataja habari hii kwa sababu ya zile nusu mbili za uso. Kwa miaka mia nyingi watu walikuwa wakibishana juu ya dawa kwa kutaja majina ya wakubwa, na huyu kinyozi kijana aliuliza swali lake kwa mgonjwa mwenyewe.

Kulikuwa pia na mpasuaji wa Turin aliyesifiwa kwa dawa yake ya siri ya majeraha. Paré alimbembeleza miaka miwili, akimpa zawadi, mpaka akaambiwa. Siri yenyewe ilikuwa vitoto vya mbwa vilivyochemshwa katika mafuta ya maua pamoja na nyungunyungu na tapentaini. Paré alifurahi sana kuipata, na kwa muda mrefu akaitumia. Kwa hiyo tusidhani kwamba aliyaona makosa yote ya wakati wake. Alipokuwa mzee aliandika kitabu juu ya viumbe vya ajabu, na ndani yake mna mambo mengi ambayo hayakuwako kamwe duniani. Ila siri ile aliyoinunua kwa zawadi na miaka miwili, yeye aliitoa bure, akaiandika ili kila mtu aijue.

Jeshi liliporudi, akafungua kazi yake Paris. Siku moja tabibu mkuu Jacques Dubois, mwalimu wa chuo aliyejulikana sana, alimwalika chakula, akataka kusikia habari za majeraha ya risasi. Alipokwisha kumsikiliza alimsihi aandike yote kitabuni. Jambo hili ni la kukumbukwa kwa sifa ya Dubois, maana si wengi katika chuo kile waliokuwa radhi kufundishwa na kinyozi.

Kitabu kikatoka mwaka 1545. Paré alikiandika kwa Kifaransa. Wakubwa wa chuo waliona ni aibu kuandika elimu ya uganga kwa lugha isemwayo sokoni. Lakini yeye alijua ni nani watakaokishika kitabu hicho mkononi: ni vijana vinyozi, walio jeshini au vijijini, wasiojua neno la Kilatini, nao ndio wanaofunga majeraha ya watu. Kama kosa la da Vigo liliwafikia kwa kinywa cha watu, basi masahihisho yake yawafikie kwa lugha wanayoielewa. Akaeleza kila hatua, akatia picha za vyombo, jinsi ya kutafuta risasi ndani ya mwili, na jinsi ya kumlaza mgonjwa kama alivyokuwa amesimama alipopigwa, ili njia ya risasi ijulikane.

Mwaka 1552, mji wa Damvillers ulipozingirwa, alijaribu jambo kubwa kuliko la kwanza. Desturi ya wapasuaji walipokata mguu ilikuwa kuizuia damu kwa kuunguza kisiki kwa chuma chekundu cha moto. Wengi walikufa kwa uchungu wake, na wengine kidonda kilifunguka tena gaga lilipobanduka. Paré alikuwa akiifunga mishipa kwa uzi katika majeraha ya kawaida, akajiuliza kwa nini isiwezekane katika kukata mguu. Akazungumza na wenzake wawili wa Paris, wakakubali. Basi huko Damvillers alimkata mguu bwana mmoja, akaishika mishipa mmoja mmoja kwa koleo, akaifunga kwa uzi. Yule bwana akapona, akarudi kwao kwa mguu wa mti, akifurahi kwamba ameponea chupuchupu bila kuunguzwa.

Mwishoni mwa mwaka ule ule mfalme Charles wa Tano, mtawala wa Wajeremani na Wahispania, aliuzingira mji wa Metz kwa jeshi kubwa sana. Ndani ya mji watu walijeruhiwa, na karibu wote wakafa. Ukaenea uvumi kwamba dawa zilizomo mjini zimetiwa sumu. Duke wa Guise, mlinzi wa mji, akamwandikia mfalme wa Ufaransa amletee Paré pamoja na dawa mpya. Nahodha mmoja wa Kiitalia akapewa fedha nyingi, akampitisha Paré usiku katikati ya jeshi la adui. Kesho yake duke alimsimamisha juu ya ukuta uliobomoka, mbele ya mabwana na maakida, nao wakamkumbatia wakishukuru, wakisema sasa hawaogopi tena kufa wakijeruhiwa. Paré aligawa dawa alizozileta. Lakini habari ya sumu hakuisadiki. Alitazama, akaona kwamba kilichowaua watu ni ukubwa wa majeraha na ukali wa baridi ya Desemba. Aliyasema hayo wazi, ingawa ingalikuwa rahisi kwake kuuacha uvumi, akajipatia sifa ya mtu aliyeleta dawa safi.

Mwaka uliofuata alitekwa katika mji wa Hesdin, akajificha katika nguo za mtu mnyonge asitambuliwe na kudaiwa fedha nyingi za ukombozi. Alimponya bwana mmoja wa adui donda la mguu lililomsumbua miaka mingi, akaachiliwa huru. Mwaka 1554 chama cha Saint-Côme kikampokea kuwa mpasuaji mkuu, ingawa hakujua Kilatini. Akawa mpasuaji wa mfalme Henri wa Pili. Alikuwako pia mwaka 1559 mfalme huyo alipochomwa jichoni na kibanzi cha mkuki katika michezo ya farasi, wala yeye, wala Vesalius, mwalimu mkuu wa elimu ya mwili aliyeitwa kutoka Brussels, hawakuweza kumponya. Baada ya hapo aliwatumikia wana watatu wa mfalme, mmoja baada ya mwingine kadiri walivyotawala.

Katika zamani za Charles wa Tisa, mmoja wa wana hao, alitendeka jambo la kuhuzunisha huko Clermont. Bwana mmoja alimletea mfalme jiwe liitwalo bezoari, litokalo tumboni mwa mbuzi wa nchi za mashariki, akasema kwamba linashinda sumu zote. Mawe hayo yaliuzwa kwa bei kubwa mno. Mfalme akamwuliza Paré kama ni kweli. Paré akajibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa sumu zina namna nyingi na nguvu mbalimbali, na dawa moja haiwezi kuzipinga zote. Yule bwana hakutaka kushindwa. Basi mfalme akauliza kama yuko gerezani mtu aliyehukumiwa kufa. Alikuwako mpishi mmoja, aliyeiba sahani mbili za fedha za bwana wake, naye alikuwa anyongwe kesho yake. Wakamwambia: atakunywa sumu, kisha atapewa jiwe, akiishi, yuko huru. Maskini akakubali kwa furaha, maana alionelea ni afadhali sumu kuliko kamba.

Akanywa, akapewa jiwe. Kitambo si kitambo akaanza kupiga makelele kwamba tumbo lake linaungua. Paré alipofika alimkuta anatambaa kwa miguu na mikono kama mnyama, ulimi umetoka nje, macho mekundu, damu inamtoka. Akamnywesha mafuta mengi ili kumwokoa, lakini wakati ulikuwa umepita. Mpishi akafa baada ya muda wa saa saba. Paré akaufungua mwili, akaona tumbo limeungua kwa sumu, jiwe halikulinda chochote. Mfalme akaamuru jiwe litupwe motoni. Sisi tukisoma habari hii twaona kwamba haikuwa haki kumtenda mtu hivyo kwa ajili ya sahani mbili. Nasi twafikiri ni watu wangapi, kabla ya mpishi huyo, walioshika mawe ya namna hiyo kitandani mwao wakiyatumaini, wala hapakuwa na mtu wa kuandika jinsi walivyokufa.

Habari nyingine ya zamani hizo ni njema zaidi, nayo yaonyesha Paré alikuwa mganga wa namna gani. Mwaka 1569 mfalme alimtuma karibu na mji wa Mons kumtazama bwana wa Havré, aliyepigwa risasi karibu na goti miezi saba kabla yake. Alikuwako na matabibu wake na wapasuaji wake. Paré alimkuta ana homa kali, macho yamezama, ulimi mkavu, sauti ndogo kama ya mtu anayekufa. Paja limevimba na kutoa usaha, na mgongoni chini mna kidonda cha kulala kilicho kikubwa kama kitanga cha mkono. Usingizi hapati. Shuka hazikubadilishwa miezi miwili, kwa kuwa alipiga kelele wakimgusa, nao walimwonea huruma wakamwacha alale katika uchafu. Paré akatoka bustanini kwa huzuni, akamwomba Mungu, akafikiri.

Kisha akarudi, akawaeleza wenzake, mmoja mmoja, sababu ya kila taabu: kwa nini usaha haupati njia, kwa nini hapati usingizi, kwa nini mgongo umeoza. Akapasua paja mahali patatu, usaha ukatoka. Baada ya saa chache akaamuru kitanda kingine kitandikwe shuka nyeupe safi kando ya kile cha kwanza, na mtu mwenye nguvu akamwinua mgonjwa taratibu akamhamisha. Chini ya kidonda cha mgongo akaweka mto mdogo wa manyoya laini. Akamlisha mayai mabichi, mchuzi, na zabibu kavu zilizopikwa. Kwa ajili ya usingizi alifanya hila: aliagiza maji yadondoke kutoka juu ndani ya sufuria, yakasikika kama mvua. Basi yule bwana akalala usingizi wa muda wa saa nne, na nyumba nzima ikafurahi. Alipopata nguvu kidogo, Paré akaita wapiga zeze na mtu wa kuchekesha. Wiki kadhaa zikapita, bwana wa Havré akasimama kwa magongo, na watu wa nchi ile, wakubwa kwa wadogo, wakamshangilia mpasuaji kama ndugu yao. Yeye, kama ilivyokuwa desturi yake, alisema kazi yake ni kufunga kidonda tu, na kuponya ni kwa Mungu.

Mwaka 1575 alikusanya maandiko yake yote katika kitabu kimoja kikubwa, kwa Kifaransa vile vile. Sasa wakubwa wa chuo kikuu hawakuvumilia. Wakampeleka mbele ya baraza la hukumu la Paris, wakasema kwamba kitabu cha uganga kisiuzwe bila idhini yao. Mkuu wao alikuwa Étienne Gourmelen. Huyu alishikilia kwamba kufunga mishipa kwa uzi ni upumbavu, kwa sababu wakale waliunguza. Kitabu kiliuzwa juu ya hayo, kikapigwa chapa tena na tena. Na Paré, mwenye umri wa miaka sabini na zaidi, akamjibu Gourmelen kwa kueleza safari zake zote: vita alivyoviona, watu aliowafunga, waliopona na waliokufa. Jibu hilo ni katika maandiko yake mazuri kuliko yote, nalo lina ukali kidogo, maana alimwuliza mpinzani wake amekata miguu mingapi.

Katika miaka hiyo hiyo bwana mmoja alianguka katika farasi, mwaka 1580, akavunjika vibaya. Alipopona alimwuliza Paré kwa nini hakumpa mumia. Mumia ilikuwa nyama ya maiti za kale zilizokaushwa Misri. Matajiri wa Ulaya waliila kama dawa ya kuanguka na kupondeka. Paré akamweleza, na yule bwana akamsihi aandike. Kitabu kikatoka mwaka 1582. Ndani yake alisema kwamba amekwisha kujaribu dawa hiyo mara nyingi, isifanye kitu ila kuumiza tumbo, kunukisha kinywa na kutapisha. Akasimulia pia habari ya tabibu mmoja aliyefika Iskandaria mwaka 1564, akaonyeshwa na mfanyabiashara maiti nyingi. Mwenyewe akakiri kwamba si za kale, ni za watumwa na watu wengine waliokufa juzi juzi, alizozikausha yeye. Wazungu walilipa fedha nyingi kwa nyama hiyo.

Katika kitabu hicho hicho akaipinga pembe ya mnyama aitwaye nyati wa pembe moja, iliyouzwa kwa bei ipitayo ya dhahabu. Iliwekwa kipande katika kikombe cha mfalme ili kuondoa sumu. (Pembe hizo kwa kweli zilikuwa meno ya mnyama wa baharini, wa jamaa ya nyangumi, akaaye penye barafu.) Paré alimtia chura katika maji yaliyolowekwa pembe, na chura, aliyehesabiwa kuwa na sumu, akaendelea kuwa mzima. Alimwuliza tabibu mkuu wa mfalme kwa nini asiiondoe pembe kikombeni. Yule tabibu alikubali kwamba haifai kitu, ila desturi imekuwa ya zamani mno, naye hataki kushambuliwa. Paré mwenyewe alishambuliwa. Mmoja akaandika kwamba yafaa kukosa pamoja na wenye hekima wote kuliko kusema kweli peke yako. Paré akajibu kwamba yeye angependa kusema kweli peke yake kuliko kukosa pamoja na dunia yote.

Vitabu vyake vikaenda mbali. Mwanafunzi wake Guillemeau alivitia katika Kilatini mwaka 1582, hivyo hata wale wakubwa wakaweza kumsoma bila kuona haya. Baadaye vikatiwa katika Kijeremani, Kiholanzi na Kiingereza. Mwanamke mmoja wa Paris, Louise Bourgeois, ambaye mumewe alikuwa mwanafunzi wa Paré, alivisoma nyumbani akajifunza ukunga, maana Paré alikuwa ameeleza upya njia ya kumgeuza mtoto aliyelala vibaya tumboni na kumtoa kwa miguu. Louise akawa mkunga wa malkia, akampokea mtoto aliyekuwa baadaye mfalme Louis wa Kumi na Tatu, naye mwenyewe akaandika kitabu mwaka 1609 ili kuwafundisha wakunga wenzake.

Mwaka 1590 Paris ilizingirwa na jeshi la Henri wa Nne. Chakula kikaisha, watu wakala majani na punda, na maelfu wakafa. Askofu mkuu wa Lyon alikuwa miongoni mwa wale walioushikilia mji usijitoe. Siku moja alipofika penye daraja la Saint-Michel, alizungukwa na umati wa watu wakilia kwamba wapewe mkate au wauawe. Ambroise Paré alikuwa anapita hapo. Umri wake ulikuwa yapata miaka themanini. Akasimama mbele ya askofu, akamwambia kwa sauti kuu kwamba watu hawa wanakufa, nao wanamwomba rehema, na kwamba Mungu atamdai damu yao asipofanya amani. Askofu hakuzoea kusemeshwa hivyo. Inasimuliwa kwamba alikwenda zake akikiri kuwa maneno ya mzee yule yamemshtua.

Mji ukafunguliwa siku chache baadaye. Paré alikufa tarehe 20 Desemba mwaka ule ule, nyumbani kwake, akazikwa katika kanisa la Saint-André-des-Arts, mwendo mfupi kutoka katika daraja lile.